Aliyekamatwa, Daftari Lake na Picha Yake



Kinamama wanaonijia baada ya sala ya alasiri huja na haja nyingi, lakini katika miaka ya karibuni zipo mbili zinazorudi mara kwa mara. Wa kwanza husema: "Sheikh, mwanangu kachukuliwa na askari tangu jana, na hatujui yuko kituo gani." Wa pili husema: "Sheikh, picha ya mwanangu aliyekamatwa imezagaa kwenye simu za watu, tufanyeje iondoke?" Mmoja analilia habari isiyopatikana, mwingine analilia habari isiyofichika. Na habari yenyewe ni ile ile: jina la mtu, siku aliyoshikwa, tuhuma aliyoshikiwa, na sura yake.

Nianze na wa kwanza, kwani haja yake ni ya dharura. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, imempa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na haki ya kufikishwa mbele ya mahakama kabla ya kupita saa 24. Saa hizo zikimalizikia wakati mahakama imefungwa, au siku isiyokuwa ya mahakama, basi muda hunyooshwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu. Mama asikimbilie kudhani kwamba kapotezwa, lakini pia asikae nyumbani akingoja.

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, ambacho sote twakiita OB. Humo ndimo anamotakiwa kuandikwa aliyeletwa. Kwa hivyo swali la kuuliza pale kaunta si "Mmemwona mwanangu?" bali ni "Je, ameandikwa? Nambari yake ya OB ni ngapi, na ameshikiwa nini?" Nendeni wawili, mkiwa na nakala ya kitambulisho chake, na mtaje jina lililomo kitambulishoni, si lile la mtaani. Askari waliomkamata wakiwa si wa kituo cha karibu, huenda wamempeleka kituo cha mbali, kwa hivyo ulizeni na huko. Dhamana ya polisi ya kutia saini hailipiwi. Na ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, basi dai risiti yako.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kituoni kwa haja kama hii. Askari wa zamu alipitisha kidole juu ya ukurasa, akasema hayumo. Mimi nilikwisha kugeuka kuelekea mlangoni. Jirani yangu, ambaye kusoma kwake kuliishia Juzuu Amma na darasa la nne, hakuondoka. Alimwambia kwa adabu: "Mwanangu, nisomee majina yote ya walioingia usiku." Kijana yule, nadhani alimkumbuka mama yake, akasoma. Kwenye jina la sita mama alisikia jina la babu limetangulizwa, na jina la mtoto limefuatia na herufi zimebadilishwa. Alikuwamo siku zote zile ukuta wa pili tu kutoka tuliposimama.

Na ikiwa vituo vyote vimesema hayuko, na saa zimepita, hapo si pahala pa kuzunguka tena. Kifungu cha 51 kinaruhusu kuiomba mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake, na kifungu cha 25 kimeiweka haki hiyo miongoni mwa chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Mashirika ya haki za binadamu hapa Mombasa yamewasaidia wengi.

Sisi tuliosomeshwa Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, hatupaswi kuona jambo hili kuwa geni. Katika kitabu hicho, kwenye mlango wa ukadhi, kazi anayoambiwa kadhi mpya kuianza nayo si mirathi wala ndoa. Aangalie kwanza watu waliomo gerezani. Anayekiri kwamba kafungwa kwa haki, huendelezwa. Anayesema kwamba kadhulumiwa, hoja itatakiwa kwa mshitaki wake. Na washereheshaji wakaongeza kwamba kadhi atume mtu mwaminifu aandike jina la kila mfungwa, sababu ya kufungwa kwake, na nani aliyemfungisha. Nilipokuwa kijana nilikipita kijisehemu hicho kwa haraka, nikidhani ni mambo ya utawala wa zamani. Sasa nakisomesha polepole. Wanazuoni wale walijua kwamba mtu asiyeandikwa anaweza kufanyiwa lolote.

Nasi tumeliona hilo hapa petu. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2014 polisi walipouvamia Msikiti Musa, Majengo, waliwachukua watu zaidi ya mia moja. Mmoja wao hakurudi kwao. Polisi walisema alitoroka; jamaa zake walikwenda mahakamani, na hoja yao kubwa ilikuwa picha ya gazetini iliyomwonyesha akiwa mikononi mwa askari. Kwa familia ile picha haikuwa aibu hata kidogo. Ilikuwa ndiyo shahidi waliyebaki naye.

Niingie sasa kwa mama wa pili, ambaye mwanawe mara nyingi hayuko Kenya. Yuko Marekani. Huko desturi ni nyingine kabisa, na watu wetu huwashtua. Gereza la wilaya, ambalo aghalabu huongozwa na sherifu aliyechaguliwa kwa kura, humwandikisha kila aletwaye: alama za vidole, jina, tuhuma, kisha picha. Mahali pengi orodha hiyo huwekwa kwenye intaneti siku hiyo hiyo, na yeyote aliye popote duniani huweza kuisoma. Asili yake haikuwa mbaya. Watu wa nchi ile walichelea serikali inayokamata kwa siri, wakataka daftari liwe wazi. Na picha nayo, ya uso na ya ubavu, ilipangwa utaratibu wake mjini Paris katika miaka ya 1880 na karani wa polisi aitwaye Alphonse Bertillon, ili mhalifu anayejibadilisha jina atambulikane na askari. Haikukusudiwa majirani.

Lakini penye wazi hupita kila mtu. Wakatokea wenye tovuti wanaokusanya picha hizo kwa maelfu na kumtoza mwenye sura yake pesa ili waiondoe. Mtu hupigwa picha usiku wa kukamatwa, kabla ya hakimu kusikia neno. Mashtaka yakafutwa baada ya mwezi, nayo picha ikabaki miaka. Jimbo la California, na mengine kadhaa, yamepiga marufuku kutoza malipo hayo, na polisi wa San Francisco mwaka 2020 waliacha kutoa picha hizo isipokuwa pale usalama wa watu unapohitaji. Kwa hivyo nawaambia wazazi: msitume hata dola moja. Mtoto apate karatasi ya mahakama inayoonyesha shauri lilivyokwisha, awaandikie wenye tovuti akiambatisha nakala, na Google nayo ina fomu ya kuomba kurasa za namna hiyo ziondolewe katika matokeo ya utafutaji.

Na mzazi anayemtafuta mwanawe aliyekamatwa kule, ajue kwamba taabu kubwa iko katika majina yetu. Wao hupanga kwa jina la mwisho, ambalo kwetu ni la babu, na Mohamed huandikwa kwa namna nne au tano, jaribuni zote. Ikiwa ameshikwa na watu wa uhamiaji, hayumo katika orodha ya sherifu peke yake. Wao wana mtambo wao wa kutafutia, unaotaka nambari yake ya faili na nchi aliyozaliwa, au jina na nchi, na jina lisipolingana herufi kwa herufi halitokei. Inafaa nambari hiyo iwe imeandikwa nyumbani mapema, ndani ya msahafu au popote msipopapoteza. Tena, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 36, mgeni aliyekamatwa huambiwa kwamba ana haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Wengi huikataa kwa kuona haya. Asione haya.

Mwaka jana niliitwa katika nyumba moja kwa jambo la posa. Kijana aishiye Marekani alikuwa amemposa binti wa hapa, na mahari yalikwisha kutajwa. Shangazi wa binti akaliandika jina la kijana kwenye simu, ikatoka picha: ukuta wa kijivu, macho mekundu, na chini yake maneno ya Kiingereza. Kabla magharibi haijaadhiniwa picha ilikuwa imeingia katika kundi la WhatsApp la arusi. Mama wa binti alitaka posa irudishwe usiku ule ule.

Niliulizwa kama shangazi kafanya upelelezi uliokatazwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12. Nikajibu kwamba kuuliza hali ya mposaji si dhambi. Imam Nawawi katika Riyadhu Swalihin ameutaja ushauri wa ndoa miongoni mwa sababu sita zinazoruhusu kusema aibu ya mtu, na Fatima bint Qays alipomshauri Mtume (s.a.w.) juu ya waliomposa, aliambiwa wazi kasoro zao. Lakini aliambiwa yeye mwenye haja, hawakutangaziwa wanawake wa Madina. Na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo yatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Picha haikuwa imehakikisha chochote ila kwamba kijana siku moja alisimama mbele ya ukuta.

Hapo mjomba mmoja akasema kwa ukali: "Sheikh, hakuna moshi bila moto." Nikamkumbusha kwamba imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachilia, na mtu yule hakubaki na jina la uhalifu. Nikamkumbusha pia Nabii Yusuf (a.s.), aliyetiwa gerezani hali ya kuwa dalili za kutokuwa na hatia zilikwisha kuonekana. Mfalme alipomwita, hakutoka. Alimrudisha mjumbe akaulize kwanza habari za wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka daftari lake lisafishwe kabla ya mlango kufunguliwa. Mjomba akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Tulikubaliana kijana aulizwe mwenyewe. Baada ya siku tisa ilikuja karatasi ya karani wa mahakama. Alikuwa ameendesha gari hali leseni yake imesimamishwa kwa ajili ya faini asiyoilipa. Faini ikalipwa, shauri likafutwa. Baba wa binti aliisoma mara mbili, akasema kwamba yeye hana neno.

Binti ndiye aliyekuwa na neno. Hakuuliza habari ya kosa. Aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema, maana walikuwa wamezungumza kwa idhini ya wazazi muda wa miezi minne, na mambo madogo kuliko hayo yalikwisha kusemwa. Nililiona swali lake kuwa zito kuliko ya wazee wote waliokuwamo barazani, na sikutaka kulijibu kwa niaba ya mtu mwingine. Arusi ilisogezwa mbele hadi baada ya Ramadhani, ili kijana aje alijibu ana kwa ana, mbele ya baba yake.

Ama shangazi, nilimwambia kwamba kuifuta picha kwenye simu yake hakutoshi, kwani aliowapelekea bado wanayo, nao ni lazima waijue na habari ya karatasi. Kundi lile lilikuwa na watu themanini na kitu. Alikaa kwenye mkeka na daftari la mwanawe wa shule, akaandika majina yao, akaanza kupiga simu moja baada ya moja, na adhana ya isha ilimkuta yuko kwenye ukurasa wa pili.