Mkono Mwepesi Ndio Hukuza Nywele za Mtoto

Mimi ni msusi. Nasukia nyumbani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, na wateja wangu wengi ni watoto: wa chekechea, wa shule ya msingi, wa madrasa. Kazi hii nilifundishwa na bibi yangu kule Pangani, nikiwa bado mdogo wa kutumwa sokoni. Tangu hapo hadi leo, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nimpake nini mwanangu nywele zirefuke?" Wengine huja na chupa mkononi, wameshainunua kwa bei kubwa, wanataka tu niwaambie kama ni yenyewe.

Jibu langu ni kwamba hakuna cha kupaka. Nywele za mtoto mwenye afya hukua zenyewe. Kwa nywele zetu za kipilipili, ukuaji ni pungufu kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, na kwa mwaka inakaribia sentimita 10. Ukimwona mtoto ambaye nywele zake ziko palepale tangu Ramadhani hadi Ramadhani nyingine, usiseme hazikui. Zinakua shinani, zinakatika nchani, na mwendo ni uleule. Kinachotakiwa ni kuzuia zisikatike. Anayelielewa hilo ameshajua zaidi ya nusu ya kazi yangu.

Nywele za kipilipili zinakatika upesi kwa sababu ya umbo lake. Unywele hutoka kichwani ukiwa umejipinda, na kila unapojipinda ndipo ulipo dhaifu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, lakini mafuta hayo hayawezi kuteremka kwenye njia yenye kona nyingi kiasi hicho, basi shina linang'aa na ncha imekauka. Unywele mkavu ukivutwa na kitana, haunyooki, unavunjika. Halafu nywele hizi hujikunja, hivyo urefu wake hauonekani. Mzazi akiniambia nywele za mwanawe ni fupi, huwa nachukua unywele wa kisogoni nauvuta taratibu mpaka unyooke. Mara nyingi unafika begani, na mama anabaki kunitazama.

Utaratibu ninaowafundisha wazazi ni mfupi. Mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili kama nywele zimesukwa, mwosheni mtoto kichwa. Nywele zigawanywe mafungu manne, kila fungu libanwe peke yake. Shampuu ichanganywe na maji kwenye kikombe, imiminwe kwenye ngozi ya kichwa, na isuguliwe kwa ncha za vidole, kucha zisiguse. Urefu wa nywele utajisafisha kwa povu linaloteremka. Kurundika nywele zote utosini na kuzifikicha kama nguo za shule ndiko kunakozaa mafundo.

Baada ya shampuu, pakeni kondishena kwa wingi. Ya bei nafuu inatosha kabisa. Hapo ndipo pa kuchana, nywele zikiwa zimelowa na zinateleza. Anzeni na vidole, mfungue mafundo makubwa, kisha chukueni chanuo lenye meno mapana. Mkono mmoja ushike fungu karibu na shina ili mvuto usifike kichwani, mkono wa pili uchane kuanzia nchani, upande kidogo kidogo hadi juu. Mtoto anayechanwa hivi halii. Anayelia amechanwa kuanzia shinani, tena pakavu, na mafundo yote yamesukumwa yakakutana mwishoni. Chanuo likigoma, rudisheni vidole, ongezeni maji. Msilazimishe.

Kukausha, tumieni fulana kuukuu. Bonyezeni nywele mpaka maji yapungue, msizisugue kwa taulo. Zikiwa bado na unyevu, ndipo yanapakwa mafuta. Mpangilio huu una sababu yake: maji ndiyo yanayolainisha unywele, mafuta yanayazuia yasipotee. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu umefunga mlango nyumba ikiwa tupu.

Mimi natumia mafuta ya nazi, na nayapika mwenyewe kama bibi alivyokuwa akiyapika. Nakuna nazi zilizokomaa, nakamua tui zito, nalifunika, nalilaza. Asubuhi utando mzito umepanda juu na maji yamebaki chini. Nauchota ule utando, naubandika kwenye moto mdogo huku nikikoroga. Mwanzo unachemka mweupe kama maziwa, baadaye unakatika, mafuta yanajitenga yakiwa maangavu, na chini yanabaki mashapo ya rangi ya kahawia yanayonukia nyumba nzima. Hapo ndipo pa kuepua na kuchuja, kwa sababu ukichelewa yanaungua. Wakati wa kipupwe yanaganda kwenye chupa, nami nayayeyusha kiganjani. Sifa ya mafuta haya ni kwamba yanaingia ndani ya unywele wenyewe na kuupunguzia kupoteza protini wakati wa kuosha. Ndiyo maana napenda kuyapaka pia saa moja au mbili kabla ya shampuu. Lakini nasema wazi kwa kila mteja: yanalinda, hayaoteshi. Kijiko kimoja kinatosha kichwa kizima. Mafuta yakichuruzika shingoni yanabeba vumbi, na mba huongezeka.

Sasa kusuka. Msuko mzuri wa mtoto ni ule anaousahau kichwani. Akishindwa kufumba macho vizuri, akilala kifudifudi kwa sababu kichwa kinamuuma, au vikitokea vipele vyeupe kwenye paji siku ya pili, msuko huo umekaza na ufumuliwe siku hiyohiyo. Kuna imani kwamba msuko ukikazwa unakaa siku nyingi, na kwamba maumivu ndiyo urembo. Imani hii inakula nywele za watoto wetu.

Aliwahi kuletwa kwangu mtoto wa darasa la pili, amesukwa twende kilioni nyembamba mno, na juu yake ameunganishwa rasta ndefu hadi mgongoni. Mbele ya kichwa, juu ya masikio yote mawili, palikuwa pamebaki vinyweleo vichache, ngozi inang'aa. Mama yake alidhani ni ugonjwa. Nilifumua, nikamwambia akipumzishe kichwa cha mtoto: mabutu makubwa manne, bila rasta, bila mpira, bila kuvuta ile sehemu ya mbele hata kidogo. Baada ya miezi kadhaa vinywele vipya vilijaza pale palipokuwa wazi. Aliwahi. Mashina yakivutwa miaka na miaka yanakufa, panabaki kovu, na hakuna mafuta wala sindano ya msusi inayoweza kuyafufua. Wanawake wengi wazima wenye paji lililorudi nyuma walianza kupoteza nywele za mbele wakiwa na umri wa mtoto yule.

Kwa watoto nashauri nywele zao wenyewe, bila kuunganisha. Twende kilioni nene zilizolegea, mabutu, au nywele za uzi. Hizi za uzi nazipenda kuliko zote kwa mtoto anayekuza nywele. Nachukua fungu lililolainishwa, nafunga uzi mweusi wa kusukia shinani bila kubana, kisha nauzungusha kuteremka, mzunguko mmoja kando ya mwingine, mpaka nchani, na pale nchani naongeza mizunguko michache ili ncha isichomoze. Unywele unanyooka wenyewe bila pasi wala draya, na ile ncha, ambayo ndiyo kongwe na dhaifu kuliko sehemu zote, imefunikwa wiki nzima. Ukifumua, nywele zimerefuka machoni, na nyingi zimesalimika. Mipira midogo ya rangi rangi inayouzwa kwa pakiti inakata nywele kama wembe. Shanga nzito nchani zinavuta mtoto akikimbia. Viache kwa siku ya sikukuu.

Msuko usikae zaidi ya wiki mbili, ukizidi sana tatu. Na siku ya kufumua ndiyo siku inayohitaji subira kuliko ya kusuka. Pakeni mafuta kidogo vidoleni, fumueni kuanzia nchani kwa mkia wa kitana, msikate kwa mkasi. Mtaona nywele nyingi zimetoka, na wazazi wengi hushtuka hapo. Kwa kawaida kichwa hupukutisha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa haziwezi kuanguka, zinasubiri ndani ya msuko, na baada ya wiki mbili zinatoka zote kwa pamoja. Angalieni unywele uliotoka: ukiwa na kitone cheupe upande mmoja, umepukutika kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kitone ndivyo vilivyokatika, na vikiwa vingi, jueni kuna mkono mzito mahali fulani.

Usiku, mtoto alale na kitambaa cha satini kichwani, au foronya ya satini. Pamba inanyonya mafuta na kukwaruza nywele. Kwa watoto wa madrasa nina ombi moja zaidi. Msiwavalishe ushungi nywele zikiwa zimelowa. Joto la Tanga likifungiwa na maji kichwani, ngozi inawasha na kutoa harufu. Ule mpira wa ushungi unaopita kwenye paji nao usibane, maana unasugua nywele za mbele kutwa nzima. Na wakitoka kuogelea baharini Raskazone, wasuuzwe chumvi kwa maji baridi kabla hawajakaa kula.

Dawa ya kulainisha siweki kwenye kichwa cha mtoto, hata mzazi akiongeza fedha. Ni kemikali kali inayovunja kile kinachoupa unywele umbo lake, na ikigusa ngozi laini ya mtoto inaunguza. Zile zenye picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi ni za ukoo huohuo.

Yapo mambo ambayo msusi anayaona kwanza na lazima ayaseme. Mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye. Ni fangasi, na huambukizwa kwa vitana na vilemba vinavyoazimwa. Wamekaa ndani ya shina la unywele, hivyo dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Mtoto apelekwe kituo cha afya apewe vidonge. Mimi mtoto wa namna hiyo simsuki mpaka apone, na vitana vyangu naviosha kwa sabuni baada ya kila kichwa. Mafuta ya taa kwa ajili ya chawa ni hatari, yanaunguza na yanaweza kushika moto. Na nywele zikigeuka nyekundu, nyepesi, zikang'oka kwa kuguswa tu, tatizo liko kwenye sahani. Unywele ni protini. Dagaa, maharage, mayai na mchicha vinafanya kazi ambayo chupa yoyote ya dukani haiwezi.

Wazazi ambao watoto wao wanasoma shule zinazotaka vichwa vinyolewe huniuliza kama wamepoteza. Hawajapoteza. Wembe unakata kilichokwisha kutoka, shina liko chini ya ngozi, halijui kama umenyoa. Kwa sababu hiyohiyo kunyoa hakufanyi nywele ziote nene. Tunawanyoa watoto siku ya saba kwa sababu ya akika, na hiyo ni ibada yenye heshima yake, lakini haiongezi nywele hata moja. Mtoto aliyenyolewa aoshwe kichwa, apakwe mafuta kidogo, na siku akiruhusiwa kufuga ataanza na kichwa chenye afya.

Nimeona watoto wanaotetemeka wakiona kitana. Wameshaambiwa nywele zao ni ngumu, ni mbaya, ni za shida, na wamesikia haya kutoka kwa watu wanaowapenda. Mtoto wa namna hiyo, siku akipata fedha yake ya kwanza, atainunulia dawa ya kuzinyoosha. Naomba wazazi, shangazi na wasusi wenzangu tuyaache maneno hayo. Chagueni siku moja ya wiki, mkalisheni mtoto kwenye mkeka, muwe na maji, kondishena, chanuo la meno mapana na mafuta kidogo, na msiwe na haraka. Fanyeni hivyo kwa miaka miwili mfululizo bila kubadilisha badilisha dawa. Nywele zitarefuka, na mtoto atakuwa amekua akijua kwamba kichwa chake hakina kasoro.