Mizani ya Wakulima wa Mwanza

Mwezi huu nawaletea habari za Mwanza. Mwanza ni mji wa mawe na maji. Mawe makubwa yamepandana juu ya vilima, na nyumba zimejengwa kati ya mawe hayo. Chini yake ni Ziwa Victoria. Wageni wengi huenda kutazama Jiwe la Bismarck, lililosimama ndani ya maji. Mimi ni bwana shamba. Nilikwenda kutazama mambo ya pamba.

Njiani

Nilitoka Sengerema kwa basi. Zamani tulifika Busisi tukasubiri kivuko. Mara nyingine tulisubiri saa nyingi. Sasa tunapita juu ya daraja. Lilifunguliwa mwezi Juni 2025, na urefu wake ni kilomita 3.

Ng'ambo ya daraja ni wilaya ya Misungwi. Huko kuna kituo cha Ukiriguru. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kituo hiki wanatafuta mbegu bora za pamba. Mbegu zao huitwa UK 77, UK 82, UK 91 na UKM 08. Herufi U na K zinatoka katika jina la Ukiriguru. Wataalamu wa kwanza wamekwisha kufa, lakini kazi yao bado inaota mashambani mwetu.

Mizani ya mnunuzi

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, wakulima wa Usukuma walilima pamba nyingi. Walioinunua walikuwa wafanyabiashara wenye viwanda vya kuchambua pamba. Mizani ilikuwa yao, na aliyesoma uzito alikuwa mtu wao. Wakulima wengi hawakujua kusoma. Mkulima alibeba mzigo mzito kutoka nyumbani. Akifika kwenye mizani aliambiwa kuwa ni mwepesi. Alinung'unika, akapokea fedha, akaenda zake.

Karibu na mwaka 1950 wakulima walianza kufanya jambo jipya. Walichanga fedha zao, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Hawa walikuwa vijana waliojua kusoma na kuhesabu. Walisimama penye mizani, wakaangalia uzito wa pamba ya kila mkulima. Hawakuanza na jengo wala gari. Walianza na kijana mwaminifu anayejua kusoma tarakimu.

Ushirika unazaliwa

Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Alitembea vijijini, akawaambia wakulima waungane. Mwaka 1952 waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Kisha Bomani alikwenda Uingereza kusomea mambo ya ushirika.

Mwaka 1955 vyama vya vijiji viliungana vikawa chama kikubwa. Kwa Kiingereza kiliitwa kwa kifupi VFCU. Chama hiki kilinunua pamba ya wakulima na kujenga viwanda vyake vya kuchambua pamba. Ilipofika mwaka 1960, karibu pamba yote ya sehemu hizo ilipita mikononi mwa ushirika. Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu. Alifariki mwaka 2005.

Ushirika unayumba

Ndugu msomaji, habari hii haikuishia hapo. Chama kilipokuwa kikubwa, baadhi ya viongozi walisahau wanachama. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Tume iliona wizi wa fedha, na iliona watu kupewa kazi kwa undugu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na Chama Kikuu cha Nyanza kikaundwa mwaka 1984. Baadaye nacho kilielemewa na madeni.

Basi, je, kazi ya wale wa kwanza ilipotea? Nilimwuliza mzee mmoja tuliyekutana mgahawani mjini Mwanza. Yeye ni mkulima wa pamba wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee. Ushirika wa zamani umewaachia nini?"

"Marahaba, bwana shamba. Majengo yalikuja, yakaondoka. Lakini kijijini kwetu imebaki desturi moja. Mzigo haushuki kwenye mizani mpaka mwenyewe asome kilo."

"Na asiyejua kusoma?"

"Humwita mjukuu wake."

Nilifurahi kusikia hivyo. Haki hiyo ilidaiwa kabla mjukuu huyo hajazaliwa. Leo yeye ndiye anayeilinda.

Kijijini kwako je?

Msimu wa kuuza pamba ni wakati wa kumjua kiongozi mwema. Fanyeni mambo haya:

1. Mchagueni mpimaji na katibu kwa uaminifu wao. Msiwachague kwa undugu.

2. Kabla ya kupima, mizani isome sifuri. Kisha wekeni juu yake kitu ambacho uzito wake mnaujua. Mfuko mzima wa saruji wa kilo 50 unafaa.

3. Tazameni alama ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka.

4. Soma kilo wewe mwenyewe. Pokea risiti, uisome, uitunze.

5. Mwanachama ana haki ya kuuliza hesabu katika mkutano. Kiongozi asichukie akiulizwa.

Na sisi wakulima tuwe waaminifu vilevile. Tusitie maji wala mchanga katika pamba. Tusichanganye pamba safi na pamba fifi. Mtu anayetaka mizani ya haki alete mzigo wa haki.

Ndugu zangu, wahenga wa biashara husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma. Siku ya kuuza pamba, sogea karibu na mizani usome. Mchukue na mtoto wako, naye ajifunze.