Shika Rizimu, Mpwa Wangu

Tabora

Kwa mpwa wangu mpendwa, Ujiji.

Mama yako amenipigia simu akilalamika kwamba wewe na wenzako mnashinda ufukweni Bangwe na magitaa mawili, mnapiga kopi za Tabora Jazz, na juzi nusura mshikane mashati. Nilipouliza kisa, akasema kila mmoja anataka solo.

Gitaa sikukatazi. Shem Karenga mnayemkopi ni mtu wa Kigoma. Alianzia huko huko kwenu, katika Lake Tanganyika Jazz, ndipo akaja kwetu Tabora Jazz, bendi iliyotamba kwa mtindo wa Segere Matata. Asikwambie mtu kuwa mnaiga mambo ya wageni.

Ila hili la kugombea solo liacheni. Solo ndilo linalosifiwa, lakini rizimu ndiyo inayowainua watu kwenye viti. Chukueni ule wimbo wa Tabora Jazz, Dada Asha. Msimfuate mwimbaji, msilifuate solo. Tegeni sikio kwa kinachopita chini yao. Ni mkono mmoja unaorudia kitu kile kile, haukimbii wala hauzembei. Jaribu kuushika hivyo tangu mwanzo hadi kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, bila kuongeza mwendo, ndipo utajua kazi iko wapi. Basi peaneni zamu. Leo wewe solo, kesho rizimu, keshokutwa kaa pembeni usikilize wenzako wanapokosea. Kipande kikiwashinda, msirukie wimbo mwingine. Kirudieni polepole mpaka kikae. Video za simu zitawaonyesha vidole vinakaa wapi, lakini kusikilizana mtajifunza wenyewe kwa wenyewe.

Siku ukiwa peke yako, msikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Masanga yake, aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952, ni gitaa kavu moja tu. Gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinacheza juu, nawe unaweza kuapa kuwa wako wawili. Hata bingwa yule, aliyekuwa peke yake, hakuiacha kazi ya chini ili asifiwe kwa ya juu.

Nasikia pia uzi umekatika, mkafunga waya wa breki ya baiskeli. Utoeni leo hii. Waya ule utapinda shingo ya gitaa na kuwachana vidole. Changeni mnunue seti ya nyuzi. Nusu ya bei nitatuma mimi.

Kopi ni shule, na shule ina kuhitimu. Mkishazimudu nyimbo chache barabara, tungeni wenu, kwa Kiswahili au kwa Kiha. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond Platnumz na Mwasiti, walikutana katika wimbo wa Leka Dutigite. Kila mmoja alikuwa na jina lake mjini, lakini ndani ya wimbo ule kila mmoja alingoja zamu yake. Ninyi ambao hata jina la bendi hamna, mnagombania nini?

Masomo usiyaache, wala swala isikupite kwa ajili ya mazoezi. Na ugomvi huo umalize wewe: mkikutana tena, mpe mwenzako solo, wewe shika rizimu.

Wasalaam,
Mjomba wako