Taa ya Kushoto

Mwezi wa Januari tulisafiri katika rasi ya Baja California, nchi ya Meksiko, kwa motokaa iliyo nyumba, ndani mna vitanda na jiko. Tulitoka El Rosario alfajiri kwenda Guerrero Negro, mwendo wa kadiri ya kilomita 350. Tulionywa kujaza tangi kwanza, tukajaza. Kweli, huko Cataviña, kati ya majabali na mipungate mirefu kuliko nyumba, tuliona watu wakiuza petroli ya mapipa kando ya njia.

Barabara ile, iliyokamilika mwaka 1973, ni nyembamba, wala haina nafasi ya kusimama kando. Kila lori lilipopishana nasi, vyombo vililia kabatini.

Alasiri tulifuata lori zito mlimani. Dereva wake akawasha taa ya kushoto. Huko alama hiyo yaweza kusema, "Njia nyeupe, piteni", nayo yaweza kusema, "Nakata kushoto." Akosaye kuifahamu huhatarisha roho yake na za wenziwe. Nasi tulikuwa na haraka, maana usiku ng'ombe huzagaa barabarani. Tulimsihi dereva wetu apite. Yeye akakataa, akangoja. Punde lori likakata kushoto, likaingia njia ya vumbi.

Tukanyamaza sote kwa haya.

Jioni tulifika penye bendera kubwa, mpakani mwa jimbo la kusini, tukasogeza saa zetu mbele kwa saa moja. Saa hiyo tuliyoipoteza hakuna aliyeinung'unikia.