Siku ya Kwanza ya Ligi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wanafunzi wanaohesabu siku za kufunga shule, na wako wanaohesabu siku za Idi au Krismasi. Mimi huhesabu siku zilizobaki kabla Mashujaa hawajacheza mchezo wao wa kwanza wa ligi katika uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Mchezo wa pili naweza kuusikiliza redioni. Ule wa kwanza sharti niuone.

Sababu yake ni nyepesi. Siku ile msimamo wa ligi huwa ni sifuri tupu. Timu ni 16, hakuna yenye pointi, hakuna iliyofungwa, na Simba na Yanga pamoja na fedha zao zote hawatupiti hata bao moja. Hali hiyo haidumu, lakini ni tamu. Marekani nao wana siku kama hiyo katika mchezo wa besiboli, na mwaka 1910 Rais William Howard Taft mwenyewe alirusha mpira wa kufungulia msimu mjini Washington. Kwetu ngoma na vuvuzela zinatosha.

Wenzangu hunicheka. Aprili 2024 Mashujaa waliitoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho, uwanjani hapo hapo, nami sikuwapo wala sikusikitika sana.

Aliyenitia ugonjwa huu ni Babu. Yeye alipenda mpira kwa masikio, tangu enzi za Redio Tanzania, akikaa karibu na migomba na redio yake ya betri. Mwaka 2023 Mashujaa, timu ya jeshi, walipoishinda Mbeya City katika mchujo na kupanda Ligi Kuu, Babu aliuza mikungu mitatu ya ndizi, akavaa koti lake la harusini, tukateremka pamoja. Kutoka Manyovu hadi Mwandiga ni kama kilomita 60 za lami inayojipinda milimani, na vijana garini waliimba njia nzima.

Wachezaji walipoingia, Babu aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini, “Mjukuu wangu, kipa wetu yuko upande gani?” Nalishangaa, maana mzee huyu hutaja makipa wa miaka 40 iliyopita bila kukosea. Ndipo nilipofahamu ya kuwa macho yake hayafiki golini.

Tangu siku ile mimi ndimi mtangazaji wake. Kazi yenyewe si rahisi. “Usiniambie mpira unakwenda,” hunikemea, “niambie anao nani, yuko wapi, na nani anamkabili.” Jirani zetu jukwaani hugeuka kunitazama, nami nishazoea.

Basi mwaka 2025 ligi ilichelewa hadi Septemba, kwa kuwa Agosti yalikuwapo mashindano ya CHAN katika Tanzania, Kenya na Uganda. Mtihani wetu wa Kidato cha Nne ni Novemba. Mama alisema, “Mpira upo kila mwaka, mtihani huu ni mmoja.” Sikuwa na jibu. Babu naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko maneno ya Mama.

Nikamwendea mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza, ambaye hakujua hata kona ni nini. Jioni tatu nilimfundisha kwa punje za mahindi na maharage mkekani, 11 huku na 11 kule. Siku ilipofika wakaondoka alfajiri, mimi nikabaki na kitabu cha Biolojia, nikisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima.

Walirudi usiku, Babu akicheka peke yake. Alisema mtangazaji huyu mpya hakujua mpira anao nani, lakini alimweleza kipa aliyegusa milingoti yote miwili kabla ya filimbi, na mchezaji wa akiba aliyefunga kamba za viatu mara tatu, na mama aliyekaanga migebuka nje ya lango. Mambo ambayo mimi sikupata kumwambia hata mara moja.

Nikauliza matokeo. Wakatazamana. Babu akasema nivute kigoda kwanza, habari ni ndefu.