Asante Haitumwi: Siku Moja kwa Miguu Kigoma na Ujiji

Wazee wetu wa Kalemie walikuwa na desturi moja ambayo leo inaanza kupotea. Mtu akikupokea nyumbani kwake wakati wa shida, humtumii asante kwa mdomo wa mwingine. Unakwenda mwenyewe kwa miguu yako, na mkono wako hauwi mtupu. Hata ikipita miaka ishirini, deni bado liko. Sisi tulikuwa tunaisikia tu desturi hiyo, mpaka siku ile bato letu liliposimama Kigoma.

Ilikuwa mwaka 2019. Tulikuwa sita wa familia moja, tunakwenda Uvira kwa bato la mizigo. Likapita kwanza Kigoma, upande wa Tanzania, kupakia saruji. Nahodha akatuambia: «Tunaondoka saa kumi alasiri. Atakayechelewa, abaki.» Kulikuwa bado asubuhi. Sisi vijana tulifikiria soko, simu za bei rahisi na soda baridi. Mama mkubwa akafunga kitambaa chake kichwani, akasema: «Nyie mutaenda na mimi Ujiji.»

Tulijua habari yake nusunusu. Mwezi wa nane mwaka 1998, vita vilipofika Kalemie, alivuka ziwa na watoto watatu. Walishuka Kigoma, wakatembea mpaka Ujiji, na huko mama mmoja asiyewajua akawafungulia mlango. Walilala kwake siku nne, kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Lugufu. Alirudi Kalemie amani ilipokuja, lakini Ujiji hakurudi tena. Sasa ndani ya mfuko wake kulikuwa na kitenge kipya cha yadi sita. Kumbe safari yote alikuwa amekikalia, na hakumwambia mtu.

Tukamwambia tupande gari, maana ni kama kilomita nane. Akakataa. «Alama zote niko nazo ni za miguu. Nikipanda gari, nitapotea.»

Basi tukatoka bandarini, tukapita mbele ya steshen, lile jengo la Wajerumani. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya kwetu, ya Wabelgiji kutoka Kabalo, ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville. Reli mbili zinatazamana, na maji katikati. Wageni walizileta kwa ajili ya mali na vita vyao, lakini watu wa pande hizi mbili walikuwa wakivuka kwa mitumbwi tangu zamani. Waholoholo wako kwetu na wako Tanzania pia, na Ujiji wamejaa watu wanaojiita Wamanyema, ambao babu zao walitoka upande wetu.

Kutoka steshen tukapanda barabara kubwa. Mmoja wetu akasoma kibao, akacheka: Lumumba! Hata kwetu Kalemie barabara kubwa ni Lumumba. Mama mkubwa hakucheka. Alisema mwaka 1998 hakujua kusoma kibao kile, na kama angejua, pengine asingelia sana.

Njiani tulijifunza kusalimu. Kwetu unamwambia mzee «jambo baba», unainama kidogo, inatosha. Pale Mwanga kijana wetu akamwambia mzee mmoja «jambo», mzee akamtazama tu. Mama mkubwa akamvuta mkono: «Huku wanasema shikamoo!» Akarudia vizuri, naye mzee akajibu «marahaba», akatuonyesha njia ya kivuli chini ya miembe.

Ujiji tulipita karibu na mahali pa ukumbusho wa Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Mtu mmoja pale akatuambia zamani maji yalikuwa karibu, sasa ziwa liko mbali. Jambo hilo tunalijua kutoka kwetu. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa pale Kalemie, Stanley aliukuta mwaka 1876 mdomo wake umezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye ukafunguka, maji yakakimbia kuelekea Kongo, na ziwa lote likashuka mita kadhaa. Mlango ulifunguka kwetu, mchanga ukaonekana Ujiji. Yule mtu akasema: «Kumbe ni nyinyi!» Tukacheka wote.

Halafu kazi ikaanza. Alama za mama mkubwa zilikuwa tatu: msikiti, mwembe uliopinda, nyumba ya tatu. Msikiti tuliuona. Mwembe ulikuwa umekatwa. Tulizunguka vichochoro mpaka jua likatuchoma, naye akaanza kunyamaza. Mwisho akamkaribia mzee aliyekuwa anauza mawese, akamweleza yote. Mzee akasikiliza, akasema polepole: «Bibi huyo alifariki, mama. Sasa mwaka wa tano. Lakini binti yake yupo.»

Binti alitoka na mikono yenye unga. Mwaka 1998 alikuwa msichana mdogo. Mama mkubwa akajaribu kueleza, maneno yakakwama. Yule dada akamtazama, akauliza yeye mwenyewe: «Ni wewe mwenye watoto watatu? Mama mpaka anakufa alikuwa anauliza: wale watoto wa ng'ambo walifika kwao?»

Walifika. Mmoja wao ndiye aliyekuwa amebeba mfuko.

Kitenge kikapokelewa kwa mikono miwili. Yule dada alitaka kutupeleka kaburini, halafu tule. Hapo tukaona saa ya ukutani: saa tisa na nusu! Saa ya mkononi ya mjomba ilisema saa nane na nusu, maana hakuigeuza tangu Kalemie, na Tanzania wanatutangulia saa moja. Sisi wote tulikuwa tumemtegemea yeye. Tukaonja ugali kidogo tumesimama, kwa sababu kukataa chakula ni kutukana nyumba. Mgebuka mzima tukafungiwa, tukakimbilia gari.

Bandarini tulifika tunahema. Saruji ilikuwa bado inapakiwa, na bato liliondoka saa mbili usiku. Muda wa kufika kaburini ulikuwepo, lakini hatukuujua. Usiku ule ziwani mama mkubwa alisema neno moja tu: «Nimechelewa.» Hakuna aliyemjibu.

Tunaandika haya kwa sababu Kalemie imejaa watu waliopokelewa. Wapo waliovuka wakati wa vita. Wapo ambao maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwao mwaka 2024, na mtu wa mlimani akawapa chumba. Wengi wetu tunasema asante kwa simu, na simu ni nzuri. Lakini wazee walisema uende. Waulizeni mama zenu na baba zenu: nani aliwafungulia mlango, na anakaa wapi? Kisha fungeni safari kungali mapema, muwakute wenyewe wakiwa hai.