Makelele ya Kasarani Yalivyofika Dunga

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akili ni mali. Wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza jinsi redio kuukuu ya marehemu babu ilivyookoa karo ya dadangu.

Mamangu ana hoteli ndogo karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Huuza ngege, mbuta na omena kwa ugali. Watu hula, kisha hukaa kutazama mpira. Mwaka wa 2025 jirani yetu alinunua mtambo wa spika tano na besi kubwa. Wateja wetu wakaanza kuhamia kwake mmoja mmoja. Mwezi wa Julai kulikuwa na siku samaki walibaki mpaka mama akawa anawagawia majirani.

Mama akaamua kutoa shilingi 14,000 kwenye chama anunue mtambo kama huo. Hiyo pesa ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye angeingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Kila mtu nyumbani alijua, na kila mtu alinyamaza. Mimi ndiye kifungua mimba, ikabidi niseme.

"Mama, usitoe bado. Nipe mpaka siku ya Moroko."

"Nyara, CHAN ndiyo hiyo imeanza. Watu watangoja?"

"Mpaka siku ya Moroko tu, mama."

Nilikuwa na shilingi 1,200, akiba niliyoweka kwa kutembea kwenda shule badala ya kupanda tuktuk. Nikashika njia hadi soko la Kibuye kwa fundi mmoja mzee wa jua kali. Nilimwambia redio ya babu ni ya stirio, ina spika mbili nzima, nami nataka sauti itoke nyuma pia. Mzee akacheka, akasema ujanja huo ni wa kitambo. Kumbe Mmarekani David Hafler ndiye aliyeueneza mapema miaka ya 1970!

Ujanja wenyewe ni huu. Stirio ina sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Sauti ya mtangazaji huwa sawa pande zote mbili, ndiyo maana huisikia katikati. Makelele ya mashabiki hutofautiana, kushoto si kama kulia. Sasa ukiunganisha spika kati ya waya chanya wa kushoto na waya chanya wa kulia, umeme utapita penye tofauti tu. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango, huyu ndani na yule nje: mlango hausogei. Basi mtangazaji hupotea nyuma, mashabiki wakabaki. Sisi wa Kidato cha Tatu tumesoma mawimbi katika fizikia, lakini siku ile ndipo niliyaelewa.

Nilinunua spika mbili zilizotumika kwa shilingi 700 na waya wa mita 20 kwa shilingi 500. Redio ikiwa imezimwa, nilitoa waya kutoka chanya ya kushoto hadi chanya ya spika ya nyuma kushoto. Hasi za spika zile mbili za nyuma nikaziunga pamoja. Chanya ya nyuma kulia ikarudi kwenye chanya ya kulia ya redio. Spika za mbele sikuzigusa.

Lakini jihadharini! Fundi alipima kwanza kwa mita kuhakikisha kwamba hasi zote mbili za redio zimeungana ndani. Kuna mitambo, hasa ya magari na mingine midogo ya siku hizi, ambayo hasi zake haziungani. Hiyo ukiifanyia hivi unaweza kuiunguza. Pia matangazo yasipokuwa ya stirio, spika za nyuma hunyamaza tu.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti ikafika. Mtangazaji alikuwa mbele, uwanja wa Kasarani ukanguruma nyuma ya migongo yetu. Ryan Ogam alipotia bao, mzee mmoja mvuvi aligeuka kuona ni nani anayepiga kelele mlangoni! Kenya ilimaliza na wachezaji kumi ikashinda moja bila, na samaki wakaisha kabla ya giza.

Besi ya jirani bado inashinda yetu, siwezi kukataa. Wateja wengine hawajarudi. Hata hivyo, Ijumaa ya tarehe 22 tuliposhindwa na Madagaska kwa penalti, viti vyetu vilikuwa vimejaa. Mama alihesabu pesa usiku ule kimya kimya, kisha akaniambia, "Ya chama haiguswi."

Wanafunzi wenzangu, msidharau vitu vikuukuu vilivyo nyumbani wala yale tunayofundishwa darasani. Kabla mzazi hajauza au kukopa ili anunue kipya, mwulizeni fundi kwanza. Kuuliza si ujinga.